Tuhesabu miaka ya gari au tulikague?

Mwaka 1965 ndugu wawili wa Kenya, Joginder Singh na Jaswant Singh, walishinda mbio za magari za East African Safari kwa Volvo PV544 iliyokwisha tumika. Timu ya kiwanda ilikuwa imeshaipigisha mbio. Wao wakaichukua, wakaifungua, wakaifunga upya, wakawaacha nyuma hata waliokuja na timu za viwanda kutoka Ulaya. Joginder alikuwa fundi kabla hajajulikana kama dereva.

Niliikumbuka Volvo hiyo Jumamosi iliyopita, mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, tulipokuwa tumesimama kwenye shimo la fundi tukiangalia Toyota IST ya 2005 anayotaka kuinunua mpwa wangu. Rafiki yake wa kazini alishamkatisha tamaa: gari la miaka 20 na ushee ni chuma chakavu, na Serikali ingefanya vyema kuyafungia mlango magari makuukuu kama walivyofanya Kenya. Mpwa akanigeukia. "Mjomba, wewe unasemaje?" Pale nilimjibu nusunusu, kwa sababu rafiki yake ana hoja.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Ethiopia ilikwenda mbali zaidi, mwaka 2024 ikazuia kabisa kuingiza magari ya petroli na dizeli. Sisi Tanzania hatujafunga mlango, tumeweka ada mlangoni: gari dogo la miaka 8 hadi 10 huongezewa ushuru wa asilimia 15, likizidi miaka 10 asilimia 30. Anayeweza kulipa analeta.

Wanaotaka kikomo huanza na moshi, na anayekaa kwenye foleni ya Morogoro Road jioni, kioo kikiwa wazi, hahitaji kuelezwa. Husema pia kwamba Japani inatusukumia inachokichoka. Kule gari jipya hukaguliwa likitimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama za ukaguzi huo huwafanya wenyewe wabadilishe gari mapema. Lakini hoja yao iliyo nzito kuliko zote ni nyingine. Kilomita za kwenye dashibodi zinarudishwa nyuma. Mkaguzi anaweza kuchoka, anaweza pia kushikwa mkono. Lakini namba ya chesisi humtolea mwaka uleule kila anayeuliza. Sheria inayosimama juu ya kitu kisichochezewa ina uzito wake, na sijasikia upande wa pili ukiijibu hoja hiyo sawasawa.

Upande wa pili hujibu kwa bei. Kikomo kikisogea kila mwaka, gari la bei ya chini kabisa nalo hupanda, na anayeachwa kituoni ni mwalimu wa Kimara na muuguzi wa Mbagala anayetoka zamu usiku. Ushuru tulionao tayari unamuumiza, kwa magari mengi makuukuu kodi huzidi bei iliyolipwa Japani. Halafu gari kuukuu linalojulikana lina faida yake: IST ina spea kila kona ya Kariakoo na Ilala, na fundi wa mtaani anaijua injini yake kama mfuko wake wa shati.

Turudi kwenye shimo. Fundi aliingia chini na bisibisi, akawa anagonga kingo za chini ya milango ya IST. Zikalia chuma. Kwenye shimo la pili kulikuwa na Vitz ya 2013 ya mteja mwingine, inayong'aa hata kuliko yetu. Alipoigonga mahali palepale, bisibisi ikazama, vipande vya kutu vikamdondokea kifuani. Akasema hiyo imetoka kaskazini mwa Japani, kwenye barafu, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Kwa kanuni ya miaka, gari lililoliwa na chumvi lingehesabiwa bora kuliko lile zima, kwa tofauti ya miaka 8.

Kisha akamulika tochi kwenye bomba la moshi kutafuta masega, yale yanayosafisha moshi kabla haujatoka. Ndani ya masega mna platinamu na paladiamu, madini yenye bei, kwa hiyo watu huyakata na kuyauza, bomba likaungwa tupu. Gari la miaka 6 lisilo na masega linatutia moshi mchafu kuliko la miaka 20 lenye masega mazima. Hapo ndipo ninapotofautiana na wenye kikomo: wanalilia moshi, ila wanachopima ni tarehe. Mashine ya kupima moshi inachomekwa kwenye bomba na kutoa majibu kwa dakika chache. Tungeipima kila gari inayotembea, kila mwaka, hata ile ya bosi.

Mbio za Safari zilitufundisha hilo zamani. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7. Mwaka 1968 yakafika 7 tena. Mara zote mbili walioshinda ni walewale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, kwa Peugeot 404, gari la familia ambalo muundo wake, kufikia 1968, ulikuwa na miaka 8 sokoni. Sisemi chesisi yao ilikuwa ya miaka 8. Nasema tope halikuuliza nani ana muundo mpya. Rafiki wa mpwa wangu angejibu kwamba magari yale yalikuwa na mafundi wakiyasubiri njiani, nasi tunasubiri mpaka gari lizime darajani. Ni kweli, na ndiyo sababu nautaka ukaguzi wa kila mwaka kuliko wa bandarini peke yake.

Kuna mahali ambapo nakubali miaka ihesabiwe: betri. Leaf ya kwanza, gari la umeme la Nissan lililotoka 2010, betri yake haipozwi kwa maji, na betri huchakaa hata gari likiwa limeegeshwa, joto likizidi huchakaa upesi. Kwa joto letu la Februari, Leaf ya miaka 12 ni mzigo. Hata hivyo dashibodi yake ina vijistari 12 vinavyopungua kadiri betri inavyochoka, kwa hiyo hata hapo ningeanza kwa kuvihesabu kabla ya kusoma mwaka.

IST ya mpwa wangu masega yake yapo. Bushi za mbele zimekwisha na shoki-apu moja inavuja mafuta, fundi amemwandikia kwenye karatasi ya boksi la spea. Muuzaji amekubali kupunguza bei kwa kiasi hicho, na Jumatatu wanaandikishana.