Mama Mkwe Haachiki

Mtu akikwambia ameachana na mkewe, usimpe pole kwanza. Muulize: hata benki? Hata kwenye bima? Hata kwenye daftari la kufa na kuzikana? Akianza kukuna kichwa, jua huyo bado ana mke, ila hapikiwi tu.

Mimi ndiye huyo. Mwalimu wa shule ya msingi, mkazi wa Ujiji. Kwa sheikh sina mke, mahakamani sina mke, lakini kwenye kila kompyuta iliyofika hapa mwisho wa reli, mimi ni mume wa mtu.

Nilidhani kwa sheikh ndiyo mwisho. Kumbe Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakutaka kwanza upite baraza la usuluhishi la ndoa, na baraza likishindwa kuwapatanisha likupe cheti kwamba limeshindwa. Yaani wewe ndoa imekushinda, halafu unasubiri wazee wengine nao washindwe, kwa maandishi. Na wazee wetu hawapendi kushindwa! Mmoja alisinzia tangu Mama Mwajuma, mke wangu, anaanza kueleza jinsi ninavyokoroma, akazinduka tunamalizia, akafuta mdomo na kutoa uamuzi: "Basi warudiane."

Mahakamani nilikwenda na bahasha ya risiti. Mabati, simenti, misumari, mpaka ya fundi wa choo aliyeandika kwa kalamu ya risasi. Nikajua nyumba yangu hiyo. Nikaelezwa kwamba tangu mwaka 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani nazo ni mchango kwenye mali ya ndoa. Nikaulizwa, chakula ulichokuwa unakula wakati unajenga, risiti yake iko kwenye bahasha gani? Nikaifunga bahasha. Bi Hawa nisiyemjua ameniondolea vyumba viwili na jiko.

Sawa. Amri ya talaka nikapata, nikafuata usajili wake RITA, wakala wa usajili, ili niwe na cheti chenye nembo ya Serikali. Eda ya mke ni kama miezi mitatu, inaisha, mtu anaendelea na maisha. Eda ya makaratasi haina hesabu.

Kila ofisi inataka barua ya utambulisho, na barua inaanzia kwa mwenyekiti wa mtaa. Sasa mwenyekiti wetu alikuwa kwenye harusi yetu, tena meza ya mbele. Nimemweleza shida yangu, kalamu ameishika, haandiki.

"Mwalimu, ile pilau nilikula mimi."

"Nakumbuka, mzee."

"Nyama ilikuwa nyingi sana."

"Ni kweli, mzee."

"Sasa mimi mwenyewe niandike kwamba imekwisha?"

Akanitolea mkasa wa ndoa yake, jinsi mkewe alivyorudi kwao Kasulu akakaa msimu mzima wa maharage, na yeye akamfuata. Nikamsikiliza mpaka adhana ya adhuhuri. Hatimaye akaandika, akapiga muhuri kwa huzuni. Nimefika barabarani nasoma: "Mtajwa hapo juu ni mkazi wa mtaa wangu, ni mtu mwenye familia, namfahamu yeye pamoja na mke wake." Barua ya kuthibitisha talaka hiyo!

Benki ndiyo usiseme. Sitaji jina, maana mshahara wangu unalala humo. Nilitaka mkopo wa kujenga upya vile vyumba vya Bi Hawa, dhamana kiwanja changu kingine cha Gungu. Sheria ya ardhi hairuhusu kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenza, na ni sheria nzuri, wanaume wengi wamekopea nyumba huku wake wanasuka mikeka ndani. Lakini mimi kiwanja ni vichaka vitupu, na mwenza sina. Nikatoa cheti. Yule binti akakitazama, akatazama kompyuta, akaiamini kompyuta.

"Mfumo unasema umeoa, baba. Mwenza aje asaini ridhaa."

"Nimeachana naye, mwanangu."

"Basi aje asaini kwamba mmeachana."

Nikampigia simu. Mama Mwajuma akaja na bajaji, nauli nikalipa mimi. Amevaa dera jipya, kanukia udi mpaka mlinzi akafungua mlango wote. Tukakaa viti viwili vya wateja, bega kwa bega, kama siku ile kwa mpiga picha. Binti akachukua kiapo cha wakili, picha za pasipoti, nakala za vitambulisho, akatutazama, akasema, "Mnapendeza kweli." Mama Mwajuma akacheka. Mimi nilikuwa nawaza nauli ya kumrudisha.

Afadhali basi ingekuwa benki peke yake. Mwaka 2018 Serikali ilichukua mifuko minne ya pensheni, PSPF, LAPF, PPF na GEPF, ikaifanya mmoja, PSSSF. Minne imekuwa mmoja, na mimi nashindwa kutoa mmoja kutoka kwa wawili. Kwenye ushirika wetu wa kuweka na kukopa nikasema hapa ni nyumbani, nitabadilisha fomu ya mrithi upesi. Nikafuta jina lake, nikaandika watoto: Mwajuma asilimia 40, wadogo zake 30 kila mmoja. Nimejisikia mwepesi! Karani akageuza fomu nyuma.

"Hawa wote wako chini ya miaka 18. Wanahitaji mtu wa kuwapokelea."

"Kama nani?"

"Kwa kawaida, mama yao."

Kwa hiyo nikifa, fedha ile ile inakwenda kwa mtu yule yule, ila sasa imepita kwenye karatasi tatu zaidi. Nikauliza kama naweza kumweka kaka yangu. Wajumbe wote wakacheka, maana kaka yangu wanamfahamu. Anadaiwa na ushirika huo huo.

Lakini hayo yote ni madogo. Kilichonikalisha chini ni bima ya afya.

Sisi watumishi tunakatwa asilimia tatu ya mshahara, mwajiri anaongeza tatu, na unaandikisha mwenza na wategemezi wasiozidi wanne. Mimi wangu ni watoto watatu na mama mkwe. Ndiyo, mama mkwe. Wakwe wanaruhusiwa, na wakati ule nilikuwa najipendekeza. Sasa yule mama ana presha, kila mwezi ana kliniki, na kadi yake inasimama juu ya ndoa ambayo haipo. Nikimtoa binti yake, mama naye anaanguka kwenye orodha. Nikiacha kama ilivyo, naidanganya Serikali.

Nikamwendea sheikh, labda kuna njia. Akanifungulia Surat An-Nisaa, aya ya 23. Mama wa mkeo ni haramu kwako kumwoa, na uharamu huo haufutwi na talaka. Ni maharimu wako maisha yote. Mke unamwacha, yeye haachiki! Nikatoka msikitini nimeachiwa mama mkwe wa kudumu ambaye kompyuta inataka kumfuta, na mke aliyefutwa ambaye kompyuta inamng'ang'ania.

Kikundi cha kufa na kuzikana nacho kikakaa kikao juu yangu. Hoja: mwalimu akifiwa na mama mkwe wa zamani, apewe rambirambi au asipewe? Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mweka hazina akasema anayelala ndani ndiye ndugu. Katibu akasema hapana, angalieni migebuka. Maana kila Ijumaa yule mama ananiletea migebuka mikavu na chupa ya mawese, tangu ndoa mpaka leo hajakosa. Wakapiga kura, nikashinda kwa kura moja, ya kwangu.

Wenyewe wa bima huko mjini wakanipa fomu ya mabadiliko ya wategemezi. Iko mezani, nimejaza jina langu na tarehe. Ijumaa iliyopita mama akaja na migebuka yake, akavua ndala, akaiona. Hajui kusoma sana, ila nembo ya bima anaijua kuliko mimi.

"Mkwe wangu, hii ndiyo ya kumtoa mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

Akakaa kwenye mkeka, akafikiri.

"Mtoe tu, hana shukrani. Ila ngoja kwanza tarehe 14 nikachukue dawa."

Nikamwambia sawa, mama.

"Na ukioa huyo mwingine," akasema, anafungua kifurushi cha samaki, "umwulize kabisa kama mama yake ana presha. Nafasi yenyewe ni moja."