Kufungia IP: samaki mmoja akioza

Msimamizi wa tovuti akishachoshwa na mtukanaji, kitufe cha kwanza anachokimbilia ni kile cha kufungia IP, yaani anwani ya namba ambayo mgeni huonekana nayo mtandaoni. Hasira yake naielewa. Shida ni kwamba mtukanaji atarudi kabla chai haijapoa, na watakaobaki nje ni wasiohusika.

Kurudi ni kazi ndogo. Anayetumia data ya simu anawasha hali ya ndege, anasubiri sekunde chache, anaizima. Mara nyingi anapata anwani nyingine. Wa nyumbani anazima ruta na kuiwasha. Mwenye VPN, huduma inayomwonyesha kwa anwani ya seva nyingine, hata hainuki kitini.

Wasiohusika ndio kisa kirefu. Anwani za IPv4, mfumo wa zamani wa IP, ni kama bilioni 4.3 tu na zimekwisha kugawanywa, kwa hiyo kampuni za simu huwapanga wateja wengi, hata mamia, nyuma ya anwani moja. Mwaka 2012 lilitengwa fungu maalumu la anwani kwa mpango huo, 100.64.0.0/10. Kinachomtofautisha mteja na mwenzake kwa nje ni namba ya poti (mlango wa muunganisho wake) na saa, vitu ambavyo logi nyingi za tovuti, yaani kumbukumbu za waliotembelea, haziandiki vyote. Hata ukiviandika, anayeweza kuvilinganisha na jina la mteja ni kampuni yenyewe, si wewe. Wikipedia iliyaona haya mapema: mwanzoni mwa 2007 anwani moja iliyofungiwa kwa ajili ya waharibifu ikaonekana ndiyo inayobeba karibu trafiki yote ya Qatar. Samaki mmoja akioza, nchi nzima.

Kwa IPv6, mfumo mpya wenye anwani tele, kosa linageuka. Nyumba moja kwa kawaida hupewa angalau fungu liitwalo /64, yaani anwani bilioni 18 mara bilioni, na vifaa hujibadilishia anwani vyenyewe. Kufungia anwani moja hapo ni kuchota bahari kwa kijiko. Fungia /64 nzima, au uache.

Kuna na aibu ya kujifungia mwenyewe. Seva ikikaa nyuma ya proksi, yaani seva ya kati inayopokea wageni kwa niaba yake, bila kupangwa vizuri, logi huonyesha anwani ya proksi kwa kila mgeni. Ukiifungia, umefunga tovuti. Tiba ni kusoma X-Forwarded-For, mstari ambamo proksi huandika anwani halisi ya mgeni, lakini pokea kile tu kilichoandikwa na proksi yako, maana mgeni yeyote anaweza kutuma ya kwake ya uongo.

Mimi IP naipa kazi ya kuzima mafuriko: zuio la saa 24, linalokataza kufungua akaunti mpya na kuwaacha wenye akaunti za zamani waendelee. Akaunti mpya zikaguliwe ujumbe 3 za kwanza, na ziwekewe kikomo cha ujumbe kwa dakika. Hayo yanamchosha msumbufu kuliko kumfukuza. Akaunti mbili kuwa na IP moja pia sio ushahidi wa mtu mmoja. Wanaweza kuwa mke na mume, au bweni zima. Tazama saa wanazoingia, makosa yao ya tahajia, ugomvi wanaoufufua.

Na kila zuio liwe na tarehe ya kuisha. Ukikuta kwenye orodha anwani iliyofungiwa miaka 3 iliyopita, ifungue leo: aliyetukana huenda kashaiacha zamani, na anayebisha hodi sasa hajui hata kosa lake ni lipi.