Kabla ya kumkemea nesi, hesabu vitanda

Kiongozi akienda kutembelea hospitali ya serikali, najua atakachosema kabla hajashuka garini. Atapita wodini, atawapa pole wagonjwa, atauliza kama dawa zipo, kisha atawageukia wauguzi: acheni lugha mbaya kwa wananchi. Makofi. Sijasikia hata mmoja akiuliza: jana usiku mlikuwa wangapi hapa, na wagonjwa walikuwa wangapi?

Lugha mbaya ipo, sibishi. Nimemuuguza mama yangu aliyepata kiharusi, nimekaa kwenye benchi la wodi mpaka nikajua zamu ya nani inaanza lini, na maneno nimeyasikia. Kuna nesi mmoja ambaye hata angepewa mgonjwa mmoja tu mwenye mafua, angemgombeza. Lakini wengi niliowaona wakifoka walifoka saa kumi usiku. Watu walewale, saa mbili asubuhi wakiwa ndio wameingia, walikuwa wanatania na wazee.

Chukua kazi moja tu, kumgeuza mgonjwa. Asiyeweza kujigeuza mwenyewe anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa 2 hivi, la sivyo anapata vidonda vya kulalia, kiunoni na visiginoni. Kwenye ngozi zetu nyeusi dalili ya kwanza haionekani kirahisi, lazima upapase: pamekuwa pa moto, au pagumu kuliko pembeni yake. Sasa tuseme wodi ina wagonjwa 15 wa namna hiyo na usiku kuna wauguzi 2. Kumgeuza mtu mzima bila kumburuta, ukanyoosha shuka, ukaweka mto katikati ya magoti na kupapasa ngozi, kunataka watu wawili na kama dakika 5. Hizo ni dakika 75. Katika kila saa 2 wanabakiwa na dakika 45 za sindano, dripu, presha, kuandika kwenye mafaili na kumpokea anayeletwa sasa hivi kwa machela. Hapo hakuna aliyekunywa chai, na hakuna mgonjwa aliyezidiwa.

Kinachotokea mnakijua. Anageuza ndugu. Asiye na ndugu hageuzwi.

Kwenye dharura hesabu ina sura nyingine. Muhimbili ilifungua idara yake ya dharura mwaka 2010, na baada ya ule mkopo wa IMF wa UVIKO-19 mwaka 2021, shilingi trilioni 1.3, majengo ya dharura yalijengwa mpaka wilayani. Hilo nalisifu bila kinyongo. Ila jengo linaisha kwa miezi, nesi wa diploma anasomeshwa miaka 3, na akimaliza bado anasubiri kibali cha ajira. Halafu kuna wagonjwa wanaokwama. Mtu ametulizwa, anatakiwa kupanda wodini, wodi imejaa, basi analala palepale dharura mpaka kesho. Nesi wa dharura anakuwa na kazi mbili kwa wakati mmoja: kuwalea waliolala kama yuko wodini, na kuwadaka majeruhi wa bodaboda wanaoingia. Katikati ya hapo anasukuma machela kwenda eksirei, anafuatilia majibu ya maabara, anabishana na mfumo wa kompyuta unaokataa kadi ya bima ya mtu.

Wanaodhani haya ni malalamiko tu ya watumishi waangalie utafiti wa Linda Aiken na wenzake, uliotoka mwaka 2002, wa hospitali 168 za Pennsylvania, Marekani. Kila muuguzi alipoongezewa mgonjwa mmoja, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 ulipanda kwa asilimia 7. California walikuwa wameshapitisha sheria mwaka 1999, ikaanza kutumika 2004: nesi wa dharura asizidishiwe wagonjwa 4, wa chumba cha uangalizi maalumu asizidishiwe 2. Sisemi tuige namba hizo kesho, hatuziwezi. Nasema wenzetu wana namba, na ikivukwa kuna wa kuulizwa. Sisi tuanze hata na ubao mlangoni mwa kila wodi: wagonjwa leo wangapi, wauguzi wa zamu wangapi. Chaki si bei.

Na tusiambiwe wauguzi hawapo. Wapo mtaani na vyeti vyao. Wengine wanajitolea kwenye hospitali hizohizo bila mshahara, wakiombea majina yao yatoke.

Ninachokiona kibaya zaidi, na sisikii kikizungumzwa, ni siku ya kuruhusiwa. Hapa kwetu mgonjwa wa muda mrefu haendi popote isipokuwa nyumbani. Makazi ya wazee ya serikali yapo, lakini ni ya wasiojiweza wasio na wa kuwatunza. Wengine wote wodi yao ni chumba cha nyuma, na nesi wao ni binti wa nyumbani au mtoto aliyeacha kazi. Somo la kumlisha mama kwa mpira wa puani tulipewa tumesimama mlangoni, nesi akiwa na faili la mtu mwingine mkononi. "Mketisheni kwanza, msimlishe akiwa chali, chakula kitaingia kwenye mapafu. Mmeelewa, dada?" Tukaitikia ndiyo. Tulikuwa na maswali kama kumi, lakini nyuma yake mzee alikuwa anaita, "Sista, dripu imeisha!" Ungekuwa wewe ungemzuia?

Dakika alizozikosa nesi yule zilitufuata nyumbani. Dada wa kazi, msichana ambaye hajawahi kuona mpira ule maishani, ndiye aliyekuwa anaushika mchana sisi tukiwa makazini.

Kila wodi ya wagonjwa wa aina hii iwe na muuguzi mmoja ambaye kazi yake kwenye zamu ni kufundisha ndugu tu, siku kadhaa kabla ya kuruhusiwa, mgonjwa akiwa bado kitandani ili mtu ajaribu mwenyewe huku anatazamwa. Achukuliwe mmoja kati ya wale wanaojitolea, alipwe mshahara. Na familia ikiondoka iondoke na namba ya simu ya wodi, ya kupiga mpira ukichomoka usiku.