Baiskeli majira ya baridi: hamasa haitafutwi mlangoni

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nje bado giza. Kipimajoto kinaonyesha nyuzi 2. Baiskeli imeegemea ukuta karibu na mlango, glavu ya kulia iko juu ya tandiko, ya kushoto haijulikani iliko, na taa ya nyuma haina chaji. Unasimama pale na soksi miguuni, unasikiliza upepo unavyopiga dirisha, kisha unajisemea: kesho. Nimelisema neno hilo asubuhi nyingi, na kila mara nikaulaumu uvivu wangu. Baada ya miaka kadhaa ya kuendesha kwenye baridi, naona lawama ile niliielekeza pasipohusika.

Waendesha baiskeli wamegawanyika juu ya jambo hili. Wapo wanaosema toka nje, baridi haijawahi kumuua aliyevaa vizuri, na wanakukumbusha msemo wa Skandinavia kwamba hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya tu. Wapo wanaosema funga baiskeli kwenye mashine ya mazoezi sebuleni, washa programu ya mazoezi ya baiskeli kama Zwift, subiri siku zirefuke. Nimeishi pande zote mbili, na siwezi kuudharau hata mmoja.

Nianze na wanaobaki ndani, kwa sababu hoja zao huchukuliwa kirahisi kuwa visingizio. Mwendesha baiskeli hujitengenezea upepo wake mwenyewe. Kwa fomula ambayo Kanada na Marekani zilianza kuitumia mwaka 2001, hewa ya nyuzi 5 ikikutana na upepo wa kilomita 25 kwa saa huhisiwa ngozini kama nyuzi 0 hivi. Ikiwa hewa yenyewe ni nyuzi 0, uso unahisi karibu nyuzi 6 chini ya sifuri. Mkimbiaji hayajui haya kwa kiasi hicho, maana mwendo wake ni mdogo na mwili wake wote unafanya kazi. Kwenye baiskeli miguu inachemka huku mikono imetulia tuli kwenye usukani, na mikono hiyohiyo ndiyo inayokamata breki.

Mwaka 1980 mbio za Liège–Bastogne–Liège zilikumbwa na theluji. Walianza waendeshaji 174, wakamaliza 21. Bernard Hinault wa Ufaransa alishinda akiwa mbele kwa zaidi ya dakika 9, na siku ile ikamwachia ganzi ya kudumu kwenye vidole. Kisa hicho husimuliwa kama ushujaa, na ushujaa upo kweli. Lakini mimi nakisoma pia kama onyo: ikiwa bingwa wa kiwango chake alilipa hivyo, anayekwenda kazini hana sababu ya kujipima naye.

Kuna na giza. Kwenye latitudo ya nyuzi 60 kaskazini, siku fupi kabisa ya Desemba ina takribani saa 6 tu za jua, kwa hiyo mwenye kazi ya kawaida hutoka gizani na kurudi gizani. Kuna barafu nyembamba isiyoonekana, inayofanana na lami iliyolowa mpaka tairi linapoteleza. Hewa kavu ya baridi hubana vifua vya wengi wenye pumu. Na kwa anayefanya mazoezi ya mbio, dakika 45 kwenye mashine, bila taa za barabarani wala miteremko ya kupumzikia, zinaweza kumjenga kuliko saa mbili za nje alizozitumia kujihami.

Hata hivyo, kuna kitu ambacho sebule haina, nacho ni mwanga. Chumba chenye taa za kawaida huwa na luksi (kipimo cha mwanga) mia kadhaa. Nje, hata mawingu yakiwa yametanda, mchana hufikia luksi elfu kadhaa. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake walieleza aina ya sonona inayokuja na majira ya giza na kuondoka mwanga unaporudi, na tangu hapo tiba ya mwanga imekuwa jambo la kawaida. Sisemi baiskeli ni dawa. Nasema mtu anayetoka nje nusu saa mchana wa Januari anapata kitu ambacho mashine haimpi hata akitoka jasho ndoo nzima. Na jasho hilo nalo ni tatizo: ndani hakuna upepo wa kukupoza, unahitaji feni, na macho yako yamekodolea ukuta au kioo. Wengi niliowaona wakiikimbilia mashine Novemba walikuwa wameichoka kabla ya Februari.

Ninapotofautiana na pande zote mbili ni hapa. Zote zinachukulia hamasa kama moto ulio kifuani, ambao mwenye nao anatoka na asiye nao anabaki. Sasa tazama Oulu, mji wa Ufini ulio kwenye latitudo ya nyuzi 65, ambako mwaka 2013 lilifanyika kongamano la kwanza la kimataifa la kuendesha baiskeli majira ya baridi. Kule watoto wanakwenda shule kwa baiskeli juu ya theluji, na wazee wanarudi na vikapu vya manunuzi. Sidhani kama mtoto wa miaka tisa anaamka na hamasa. Anaamka na shule. Njia ya baiskeli imesafishwa, baiskeli iko nje, na njia nyingine ya kufika ingemsumbua zaidi. Anapanda, anakwenda.

Baridi ya kule, kwa namna fulani, ni rahisi kuliko ya sehemu nyingi zenye majira mapole. Nyuzi 10 chini ya sifuri, hewa kavu, theluji iliyoshindiliwa: tairi linashika vizuri na nguo hazilowi. Adui wa kweli ni nyuzi 2 pamoja na mvua. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa, ndiyo maana glavu iliyolowa inakuumiza kuliko kutembea mikono mitupu kwenye baridi kavu. Tena maji hayo ya jioni yanaganda usiku na kukusubiri kwenye kona asubuhi. Anayeendesha kwenye hali hiyo asijilinganishe na watu wa Oulu akajiona dhaifu. Anapigana vita nyingine.

Kwa hiyo, kati ya lengo na safari, nachagua safari. Malengo yana nguvu yake. Lile shindano la Festive 500, lililoanza mwaka 2010, linamtaka mtu apige kilomita 500 kati ya tarehe 24 na 31 Desemba, yaani wastani wa kilomita 62.5 kwa siku, na limewatoa nje watu ambao wasingetoka. Ila lengo la namna hiyo lina tarehe ya kufa. Januari mosi imefika, na majira ya baridi bado yamebaki mengi. Mahali pa kufika hapaishi: kazini, sokoni, kwa rafiki kila Jumamosi saa tatu. Anayekusubiri kwenye kona na baiskeli yake, akipuliza vidole, ana nguvu ya kukutoa kitandani kuliko ratiba yoyote uliyoibandika ukutani. Kilomita 8 za kwenda mahali, mara nne kwa juma, zinamfikisha mtu Machi akiwa bado mwendesha baiskeli.

Mengine ni matayarisho, na karibu yote ni ya usiku. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha katika tafiti zake kwamba mtu hutimiza nia yake zaidi akiifunga na wakati na mahali maalumu: ikifika saa fulani, nitafanya jambo fulani. Kwangu hiyo ina maana glavu zote mbili ndani ya kofia ngumu, taa zimechajiwa, fulana nyembamba ya sufu iko juu ya kiti. Madigadi ya urefu kamili ni bora kuliko jaketi la bei kubwa, kwa sababu yanazuia maji yanayorushwa na magurudumu kabla hayajakufikia. Kwenye barafu, matairi yenye vijino vya chuma. Kwenye theluji laini, punguza kidogo upepo ulio ndani ya matairi. Ukirudi, futa cheni na uitie mafuta, maana chumvi ya barabarani huila haraka. Na vaa pungufu kidogo ya unavyotamani. Ukiwa na joto zuri mlangoni, utalowa jasho kabla ya nusu ya njia, na jasho hilo ndilo litakalokugandisha. Dakika kumi za mwanzo lazima ziwe na baridi. Kisha vidole vinaanza kuwasha damu inaporudi, mabega yanashuka, pumzi inapata mwendo wake.

Siku za kukataa pia nazipanga mapema, na hapa nawaunga mkono wa sebuleni bila kusita. Kila vuli naziandika: barafu barabarani na matairi yenye vijino hayajafungwa, ukungu mzito, upepo wa kunisukuma kwenye magari. Likiwepo hata moja, nakwenda kwenye mashine au napanda basi. Nisipoyaandika kabla, kila asubuhi ya baridi inageuka kesi ya kusikilizwa upya, na kitandani kuna wakili hodari. Majira yaliyopita nilibaki ndani asubuhi tisa kwa sababu ya barafu, na hakuna hata moja niliyobishana nayo mlangoni.