Mashine kumi, IP moja, na Mfalme wa Seva

Najua wengi mshaisikia habari ya jana, lile onyesho la seva lililoniharibikia mbele ya wageni, kutoka kwa yule jamaa yangu wa meza ya pili, na kwenye toleo lake eti nilijificha chini ya meza. Sikujificha. Niliinama kuokota waya. Kama waya ulikuwepo au haukuwepo hiyo ni mada nyingine, ila kwa vile ameshaimwaga kwenye magrupu matatu bora mnisikie na mimi.

Iko hivi. Mimi ndo natunza templeti (nakala mama) za mashine pepe, yaani kompyuta zinazoishi ndani ya kompyuta nyingine, kwenye katalogi yetu ya klaudi, mtu akitaka seva anachagua templeti, anabonyeza, baada ya dakika chache anayo. Sasa kabla ya kuipandisha templeti kuna usafi wake: unafuta historia ya amri, unafuta funguo za SSH (zinazoitambulisha mashine ukiingia kwa mbali) ili kila mashine ijitengenezee zake, unasafisha cloud-init (programu inayoiandaa mashine ikiwaka mara ya kwanza), na faili la machine-id, yaani kitambulisho cha mashine, unaliacha tupu. Ni amri chache tu hazifiki hata nusu ukurasa. Mwongozo wake niliuandika mimi. Kuna dogo nilishawahi kumfokea kwa kutoufuata (na ndiyo, jana alikuwepo ukumbini, kakaa mbele kabisa).

Juzi usiku mzee, yaani bosi wetu, ananiambia kesho kuna wageni, anataka kuwaonyesha katalogi, iwepo templeti mpya. Nikachukua mashine yangu ya mazoezi ambayo nimeichezea miezi, nikaizima, nikaigeuza templeti, nikaiita ubuntu-2204-mwisho-kabisa-v2. Ile "mwisho" na ile "mwisho-kabisa" msiniulize zilienda wapi. Usafi nikasema nitafanya asubuhi, asubuhi nikaamka nimechelewa, basi.

Jana sasa. Projekta inawaka, wageni wametulia, mzee mwenyewe kashika kipanya. Anasema, "Naomba mashine kumi kwa mpigo, na kila moja inajitegemea kama mtu mzima." Anabonyeza. Zinawaka moja, mbili, tatu, zote kijani, mimi nyuma huku nimekunja nne najiona fundi. Halafu mzee anasema tuingie kwenye mojawapo tuone. Anaandika paswedi taratibu, kwa kidole kimoja. Enter.

Wadau, kuna faili linaitwa motd, ndilo linalokusalimia ukishaingia kwenye seva. Langu nililiandika siku nyingi, kujifurahisha tu, nikalisahau. Likatokea pale ukutani, herufi ukubwa wa mlango:

KARIBU TENA, MFALME WA SEVA
MZEE AKIULIZA, SEMA "TUNALIFANYIA KAZI"

Kimya. Mzee akavaa miwani. Akasogea. Akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, na alipofika kwenye "mzee" akasimama kidogo, kama mtu aliyeitwa jina lake na hajui anaitwa na nani. Feni ya projekta ndo ilikuwa inaongea peke yake. Nikaomba umeme ukatike, haukukatika.

Akafunga, akafungua mashine ya pili. KARIBU TENA, MFALME WA SEVA. Ya tatu, vile vile. Na kwa kuwa funguo za SSH zilikuwa zile zile kwenye zote, kompyuta yake haikutoa onyo lolote kwamba mashine imebadilika, ikawa inamwingiza tu kwa upole. Mgeni mmoja, mama mpole sana, akanyoosha mkono: "Samahani, mbona kwenye orodha zote kumi zina IP moja?"

Tukatazama. IP ni anwani ya mashine kwenye mtandao, kila moja inatakiwa iwe na yake. Hapa ni 10.20.4.57 kuanzia juu hadi chini, mara kumi, imejipanga kama gwaride. Ubuntu (mfumo endeshi wa mashine hizi) ya seva ya siku hizi ikiomba IP kwa DHCP, huduma inayogawa anwani, kwa kawaida haijitambulishi kwa MAC, namba ya kadi ya mtandao, inajitambulisha kwa namba inayotokana na machine-id, kwa hiyo seva ya DHCP iliona mtu mmoja king'ang'anizi anaomba mara kumi, ikampa ile ile. Watu wazima kumi, kitambulisho kimoja.

Mzee akageuka. Ukumbi mzima ukageuka. "Kijana, hii imekaaje?"

Jamani, naapa sikupanga. Mdomo ulijifungukia wenyewe.

"Tunalifanyia kazi, mzee."

Hapo ndipo nilipoinama kuokota waya.

Mengine ni ya kawaida, templeti nimeitoa kwenye katalogi, nimesafisha, nimepandisha nyingine, barua ya maelezo nimeandika, dogo amenitumia mwongozo wangu mwenyewe kwa imeli bila neno hata moja, na mzee sasa kila nikimwomba ruhusa ya jambo ananiambia linafanyiwa kazi. Ila kuitoa templeti hakuzigusi mashine zilizokwisha kuzaliwa, na kumbe ile asubuhi uhasibu walishajichukulia tatu. Nimewaomba nizifute, wamekataa, eti mpaka wafunge hesabu za mwezi. Kwa hiyo huko kila mhasibu akiingia anaambiwa karibu tena, Mfalme wa Seva, na mmoja nasikia ameshaanza kuitikia.