Mbuyu Wangu Ulianza Kama Mchicha, Nami Naomba Ubakie Hapo Hapo

Jamani, mimi sina makuu. Naishi Nkuhungu, nyumba ya kupanga, vyumba viwili na sebule, na uani kuna nafasi ya kuanika nguo za watu wanne, wa tano aanike ndani. Nilichotaka ni mti. Mti tu! Hapa Dodoma kila kiongozi akishika maikrofoni anatuhimiza tupande miti, mji uwe wa kijani, nami nikasema ngoja nitii mamlaka. Nikanunua mche wa mwarobaini, nikachimba shimo. Sijafukia, mwenye nyumba huyu hapa. Nani alimpigia simu, Mungu anajua.

"Baba Neema, unamzika nani?"

"Napanda mti, mzee."

"Mti kwenye nyumba yangu hapana. Mizizi itapasua chemba. Ukishikwa na hamu ya kupanda, panda mchicha."

Mche nikampa jirani. Leo anakaa chini ya kivuli chake na kunipungia mkono.

Usiku huo, bando likiwa linapumua kwa shida, ndipo nikakutana na bonsai. Neno la Kijapani, maana yake kitu kilichopandwa kwenye trei. Wachina walianza zamani, Wajapani wakalichukua, wakalinyoosha mpaka likawa ustaarabu. Mti mzima, wenye shina na matawi na mikunjo ya uzee, juu ya meza! Nikacheka peke yangu gizani. Mwenye nyumba aje sasa na chemba yake.

Kosa langu la kwanza nililifanya kwa muuza miche. Nilichagua kama mtu anayechagua mchumba kwenye harusi ya mwenzake: nikamtazama aliyependeza siku ile. Mti wenyewe uliitwa junipa, majani kama sindano, chungu cha bluu kinang'aa, juu ya udongo kumepangwa vikokoto vyeupe kama meno ya mtoto. Nikasukuma kokoto moja kwa kidole, haikusogea. Zimegandishwa kwa gundi!

"Hiyo ni ili zisimwagike, bosi."

Nikageuza chungu. Chini hakuna hata tundu.

"Hiyo ni ili meza yako isilowe, bosi."

Kijana ana jibu la kila kitu, sijui kwa nini hajachukua fomu akagombea. Alianza na laki na ishirini, nikamshusha mpaka elfu sabini, nikaondoka natembea kama niliyeshinda kesi. Nyumbani nikasema elfu kumi na tano. Mama Neema hakubisha. Alinitazama tu, na mimi ile namna yake ya kutazama naijua, inafanya hesabu.

Nikauweka pembeni ya televisheni, juu ya kitambaa cha kufuma. Kila asubuhi nikiumwagilia, maji yanateleza juu ya zile kokoto kama mvua ya kwanza juu ya bati, yanazama pembeni, na yakishazama hayana pa kutokea. Lakini mti ulikuwa kijani. Wiki ya kwanza kijani, ya pili kijani, ya tatu kijani. Wageni wakija nauonyesha. Kuna siku niliusalimia, sioni aibu kusema.

Kumbe junipa ni mti wa nje. Unataka jua na upepo, na huko kwao unataka hata miezi ya baridi ya kupumzika. Na ukifa hausemi. Majani yanabaki kijani wiki kadhaa kama mtu aliyefukuzwa kazi lakini bado anavaa tai kila asubuhi. Ukitaka kujua kama mti unaishi, unakwangua gome kidogo kwa kucha: chini yake kukiwa na kijani kibichi, upo. Nikakwangua. Kahawia, kavu, kama njiti ya kiberiti. Nimekuwa namwagilia maiti.

Kinachoniuma ni kimoja. Kule Hiroshima familia ya Yamaki ilikuwa na msonobari mweupe, bonsai iliyoanza kulelewa mwaka 1625. Agosti 1945 bomu la atomiki likaanguka, nyumba yao iko kilomita tatu hivi kutoka lilipolipuka. Ukuta wa bustani ukaukinga ule mti, ukapona. Mwaka 1976 Wajapani wakawazawadia Wamarekani, na mpaka leo uko Washington unatazamwa na watu. Bomu la atomiki! Wangu umeshindwa na sebule ya Nkuhungu.

Nikiwa bado nimefiwa, akaja mhudumu wa afya wa mtaa wetu kumpima mtoto mkono kwa ule utepe wa rangi rangi. Akakiona chungu.

"Na huu je, baba?"

Nikamweleza: unaukata mizizi, unaupunguza matawi, unaubana kwenye chungu kidogo, ili usikue.

Akanyamaza. Akamtazama mtoto, akanitazama mimi. "Baba Neema, sisi tunazunguka juani kila siku kupiga vita udumavu, na wewe unaununua?"

Mama Neema alicheka mpaka akashika ukuta. Akamnong'oneza dada wa watu: "Kwa elfu sabini." Sijui aliipata wapi ile bei.

Basi nikakaa chini nisome kama mtu mzima, jambo ambalo wenzangu hulifanya kabla ya kutoa hela. Nikagundua kwamba anayeanza anatazama shina kwanza, majani baadaye. Tawi baya utalikata na lingine litaota. Shina baya mtazeeka nalo. Unatafuta shina nene chini, linalopungua kadiri linavyopanda, na mizizi inayoonekana imekamata udongo pande zote kama vidole. Unalishika, unalitikisa taratibu: likiyumba kama jino bovu, mche umechomekwa jana. Chungu lazima kiwe na matundu. Na maji hayana ratiba ya saa kumi na mbili asubuhi kama dawa. Unatia kidole kwenye udongo, juu kukianza kukauka ndipo unamwagilia. Kwetu hapa hilo lilinifurahisha, maana ratiba ya bomba na ratiba yangu hazijawahi kukutana. Nilikuwa namtilia marehemu maji ya dumu, niliyoyabeba mwenyewe begani.

Halafu kuna suala la mti gani. Jamii ya mikuyu na mitini inasifiwa kwa wanaoanza kwa sababu inasamehe: umesahau maji, umekata vibaya, inanuna siku mbili inachipua tena. Laiti mabosi wangekuwa mikuyu. Bogenvilia nayo inafaa, na waridi la jangwani lenye kitambi chake chini, hilo kiu ndiyo chakula chake. Nikaendelea kushuka na kidole kwenye simu, mara naona picha ya mbuyu. Mbuyu wetu huu huu, umekaa kwenye trei, urefu wa chupa ya chai, na watu wa nchi za baridi wanaulilia.

Nilijisikia mjinga wa daraja la kwanza. Naishi Ugogoni! Toka nje ya mji upande wowote, kuelekea Bahi, kuelekea Chamwino, mibuyu imesimama mashambani kama wazee wanaosubiri kikao. Mti uliozoea jua hili, upepo huu wa Julai unaopeleka ndoo kwa jirani, na miezi saba bila tone la mvua. Mimi nikaenda kununua mti wa kuzoea barafu.

Sasa mbegu. Nikafikiri kwa akili, nikanunua pakiti ya ubuyu ya mia tano. Tukanyonya na watoto, mbegu nikazikusanya, nikazipanda kumi na mbili. Asubuhi yake chungu kizima kimejaa sisimizi, wa mtaa wetu na wa mtaa wa pili. Ubuyu ule mwekundu, ndugu zangu, umepikwa! Na sukari na rangi na iliki. Nilikuwa nimepanda peremende.

Ikabidi niende kwa baba mkwe, Chamwino. Mtu hapendi kumweleza mkwewe mambo ya namna hii. Nikafika, "Mbukwenyi", tukaulizana hali, tukanyamaza kidogo, nikamwambia.

"Kwa hiyo, mkwe," akasema polepole, "unautaka mbuyu, ila hutaki uwe mbuyu."

"Ndiyo, baba."

"Na binti yangu anajua?"

Lakini mzee ana moyo. Akapasua buyu bichi lisilojua sukari, akanipa mbegu, akaniambia niziloweke kwenye maji ya moto maana ganda lake ni gumu. Udongo nikachanganya mchanga wa kokoto na mboji kidogo ili maji yapite. Mchanga nilichota kwa jirani anayejenga, na Dodoma ya leo nani hajengi? Zikaota nne. Tatu zikaliwa na kuku wa yule yule jirani, naona alikuwa anadai mchanga wake. Ukabaki mmoja, na majani yake machanga ni jani moja moja tu, bado hayajagawanyika kama vidole. Ukiambiwa ni mchicha hubishi. Ile methali siyo mafumbo, aliyeitunga alikuwa amechuchumaa mbele ya kopo kama mimi.

Juni ikafika, ukapukutisha majani yote. Mama Neema akaja na fagio. "Baba Neema, na huu nao tunaweka matanga?" Nikamwambia umelala, mibuyu ndivyo ilivyo kiangazi, haitaki hata maji. Akasema mume wangu sasa analinda kijiti. Miezi mitano, bibi na bwana, nimelinda kijiti. Novemba kikafungua jicho la kijani, nikamwita aje aone. Akaja, akaona, akasema, "Haya, hongera," kama anayempongeza mtu kwa kunyoa.

Desemba nikatumwa kikazi Singida siku tano. Nyuma yangu akaja mama mkwe kutibiwa macho. Narudi, chungu kiko dirishani kitupu, kimeoshwa, kimefunikwa vizuri.

"Mama, shikamoo. Mbuyu wangu?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeuhurumia. Miguu ilikuwa imekunjamana mle ndani kama mfungwa. Nimeuweka chini unyooshe."

Nikatoka nje. Mbuyu umesimama uani, urefu wa kalamu, hatua mbili kutoka kwenye mfuniko wa chemba. Mvua imenyesha, umeongeza majani matatu. Na cha kuudhi zaidi, mama mkwe amepatia. Wataalamu wenyewe husema ukitaka shina linenepe haraka, uache mti ardhini miaka kadhaa kwanza, trei itakuja baadaye. Yeye hajasoma popote, na macho yenyewe hayaoni vizuri.

Nikiwa nimechuchumaa natafuta pa kuanzia kuchimba, nikasikia kikohozi getini. Kodi ilikuwa bado siku tisa, lakini yule mzee ana pua. Akaja taratibu, akasimama juu yangu, akayatazama yale majani.

"Baba Neema. Hiki nini?"

"Mchicha, mzee."

Akainama, akaukagua. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sasa hapo umenisikia. Kesho nitamtuma mama wa nyumbani aje achume."

Usiku huu nimekaa uani na tochi. Najaribu kumshawishi Mama Neema akope mchicha kwa jirani, fungu moja tu, tuuchomeke kuzunguka pale. Ananitazama, anafanya hesabu.