Balbu moja dola 2: nani kampa mwenye nyumba kampuni ya umeme?

Majuzi nilipita Mabanga, mtaa wa hapa kwetu Goma, Kongo, kumsalimia mdogo wangu, ambaye kahamia huko karibuni. Pembeni ya mlango wa choo, pale ambapo kila mtu wa parseli, yaani kiwanja chenye nyumba za kupanga, lazima apite, mwenye nyumba amebandika karatasi ya daftari, kalamu ya bic ya bluu: balbu moja, dola 2 kwa mwezi. Televisheni, dola 3. Kuchaji simu ya mgeni, franka 500. Halafu chini, bic nyekundu, mistari miwili: PASI, BIRIKA, RESHO (jiko la umeme), MARUFUKU.

Nikamuuliza mdogo wangu, na wewe umekubali haya? Akacheka. "Yaya, hapa ni afadhali. Kule nilikotoka saa tatu usiku walikuwa wanazima parseli nzima."

Tupige hesabu, maana wenye nyumba wanatutegemea tusipige. Balbu za LED zinazouzwa pale Birere, mtaa wa maduka, nyingi ni za wati 7. Iwashe kwa muda wa masaa 5 kila usiku, mwezi mzima: 7 mara 5 mara 30, wati-saa 1,050. Hiyo ni uniti moja (wati-saa 1,000) na chenji. Kwenye risiti ya kashipawa, mita ya kulipia kabla, ya kwetu nyumbani, uniti inatoka kama robo dola. Mdogo wangu, mshona nguo, mama wa watoto wawili, analipia dola 2 kitu cha robo dola. Mara nane! Na mimi niliye na mita yangu na kazi ya mwezi nalipa bei ya kweli. Kwenye parseli ile kuna milango sita. Zidisheni wenyewe.

Tangu siku hiyo kila nikisikia neno "nishati kwa wote" nauliza: wote ni akina nani?

Maana Goma hatukosi semina. Hoteli za kando ya ziwa zinaishi kwa semina. Mtu anasimama, anaonyesha picha za bwawa na paneli, anataja megawati, watu wanapiga makofi, wanakula samaki wa sambaza, wanarudi nyumbani. Sizidharau megawati. Mimi ni mtoto wa mji ambao kwa miaka ulisubiri umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, upande kutoka Ruzizi, kwenye kituo kilichojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na mara nyingi haukufika. Halafu ikaja Sheria ya umeme namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014, soko likafunguliwa kwa kampuni binafsi. Mwaka 2015 Matebe, kituo cha umeme wa maji, ikaanza kuzungusha mitambo kwenye mto Rutshuru, megawati 13 na kitu. Mwaka 2020 kampuni ya Nuru wakawasha paneli zao za jua mtaani Ndosho, megawati 1.3. Nguzo mpya, nyaya mpya, taa barabarani. Nani atakataa kwamba mji umebadilika?

Lakini fuateni ule waya mpaka mwisho wake. Unatoka mtoni, unavuka mashamba na maeneo ya vita, unaingia mjini, unapanda nguzo ya avenyu, unashuka kwenye mita. Mita iko saluni, yaani sebuleni, kwa mwenye nyumba, ndani ya kisanduku chenye kufuli. Kutoka pale, kuelekea kwa wapangaji, ni kiwaya chembamba kama cha redio, kimefungwa na mpira kwenye kijiti cha mkaratusi, kinapita juu ya kamba ya nguo. Megawati zote zile zinaishia hapo. Huyo aliye mwisho wa kijiti hana jina kwenye kitabu cha kampuni yoyote. Sheria ile ile ya 2014 ilileta ARE, mamlaka ya kusimamia bei na kumlinda mtumiaji. Sawa kabisa. Ila kwenye karatasi mtumiaji ni mwenye nyumba! Kesho serikali ikisema tupunguze bei kwa maskini, punguzo litafika saluni, likae kwenye kochi, lisitoke.

Na sasa makala, yaani makaa ya kupikia, maana hapo ndipo hasira yangu iliko hasa. Matebe haikujengwa ili tuangalie mpira tu. Ililetwa na watu wa Mbuga ya Virunga, na hoja yao inajulikana: mtu wa Goma akipata umeme atapunguza makala, na msitu utapumua. Wengine walipita njia nyingine, kama EcoMakala ya WWF, shirika la kuhifadhi mazingira, wakulima wanapanda miti yao ya kuchoma badala ya kuingia mbugani, na majiko bora yanayokula kidogo. Kazi nzuri, naziheshimu. Lakini rudini kwenye karatasi ya chooni, someni mstari mwekundu. Resho marufuku! Mdogo wangu ana umeme, yumo kwenye hesabu ya "waliofikiwa", na maharagi yake yanaiva kwenye mbabula, jiko la makala, asubuhi mpaka saa sita, kwa makala ya kununua kidogo kidogo kwenye kifuko, ambayo ndiyo makala ghali kuliko ya gunia. Analipa mara nane kwa mwanga na bado anavuta moshi. Askari wa mbuga wanakufa kule juu wakilinda miti, na huku chini bic nyekundu ya mtu mmoja inairudisha kazi yao nyuma. Halafu kwenye semina mtaalamu anatuambia watu wa Goma wanapenda makala kwa sababu ya mila. Mila! Mpe mpangaji mita yake na resho yake, halafu uje unisimulie mila.

Mkitafuta sasa watu wanaofanya kazi ya haki, nitawaonyesha ninaowajua mimi. Hawana fulana zenye nembo. Kuna mama mmoja huko Katoyi, mtaa mwingine wa Goma, yeye mwenyewe mpangaji, aliyewakusanya majirani wa parseli yao wakachanga, wakamwita kijana wa umeme wa avenyu, akafunga mita ndogo kwenye kila mlango. Zile ndogo za namba zinazozunguka, nazo zinauzwa mjini. Kila mwisho wa mwezi mama anapita na daftari, anamulika kwa simu, anasoma namba kwa sauti, na mwenye mlango lazima awe amesimama pale, aone kwa macho yake. Mwezi huu toa mwezi uliopita, zidisha kwa bei ya risiti, ongeza kidogo ya matengenezo. Basi. Risiti ya kashipawa inabandikwa ukutani, kila mtu anaisoma. Mara ya kwanza kuna waliokasirika kugundua kwamba wao ndio waliokuwa wakila umeme wa wenzao. Ugomvi ulikuwepo, tena mkubwa, mpaka mkubwa wa avenyu, kiongozi wa mtaa, akaitwa. Siku hizi kuna milango miwili inayopika kwa sufuria ya umeme, na hakuna anayewapigia kelele, kwa sababu kila mtu analipa chake.

Na yule kijana fundi? Alibadilisha kwanza waya wote, akasema kwenye kiwaya kile hafungi mita hata wamlipe mara mbili. Kidogo nimkumbatie.

Sawa, wenye nyumba mtanijia juu, nawajua, wengine ni wajomba zangu. Mtasema nyinyi ndio mliolipa kuunganishwa, mkanunua waya, na mpangaji anaweza kuhama usiku na deni. Mtasema resho kwenye waya mwembamba inachoma nyumba. Ya moto nakubali. Ya deni, nusu. Kwa hiyo wekeni waya mnene, andikeni gharama yenu, mrudishiwe kidogo kidogo mpaka iishe. Lakini iishe! Hii ya dola 2 haina mwisho, na mwizi asiyechoka tunamwita nani?

Kuna watakaosema si wakati wake. Mwisho wa Januari 2025 vita vilikata nyaya, mji mzima ukalala gizani, pompi za maji zikasimama, tukateremka ziwani na mabido, yaani madumu ya maji, mwenye nyumba na mpangaji, foleni moja. Nakumbuka vizuri. Nakumbuka pia kwamba umeme uliporudi, wapo waliodai hela ya balbu ya mwezi mzima.

Makampuni, hili ni lenu: fungueni kitabu kwa jina la mpangaji. Mtu mwenye kitambulisho, simu na mkubwa wa avenyu wa kumshuhudia, mnaogopa nini? Mwenye kashipawa analipa kabla ya kutumia.

Huko Katoyi wako sasa kwenye mjadala mwingine: mpangaji akihama, mita ndogo inabaki au anaifungua aende nayo? Mwenye nyumba anasema inabaki, imeshikwa na ukuta wake. Mimi niko upande wa mama wa daftari. Aliyeilipa aifungue, aondoke nayo pamoja na mbabula na godoro. Mwenye nyumba akiitaka, Birere si mbali.